Kuandika Kiswahili bila herufi a: nani hubaki ndani ya hadithi?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba kuna riwaya ya Kifaransa, kurasa karibu 300, isiyo na herufi e hata moja. Ni kweli? Na kwa Kiswahili, mtu anaweza kuandika hata ukurasa mmoja bila herufi a? Halafu mimi msomaji nafaidi nini, au ni mwandishi tu anajifurahisha?"

Riwaya ipo. Ni La Disparition ya Georges Perec, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1969, na kweli haina e kuanzia mwanzo wa hadithi hadi mwisho wake. Kazi hiyo inapata uzito ukijua kwamba e ndiyo herufi inayotumika kuliko zote katika Kifaransa. Imo katika je, yaani mimi. Imo katika père na mère, yaani baba na mama. Imo mara nne katika jina la mwandishi mwenyewe.

Hadithi inaanza na mtu aitwaye Anton Voyl, ambaye hapati usingizi, kisha anatoweka. Marafiki zake wanamtafuta, na mmoja baada ya mwingine wanakufa, kwa sababu wanakaribia kutambua ni kitu gani kimekosekana katika dunia yao. Kukitaja hawawezi, maana herufi ya kukitajia hawana. Sura zimepewa namba mpaka 26, ila sura ya 5 haipo, kwa kuwa e ni herufi ya 5 ya alfabeti. Msomaji anaijua siri ambayo wahusika wanaizunguka bila kuigusa, na hapo tayari umepata sehemu ya jibu la swali lako la mwisho.

Perec hakuwa wa kwanza. Mwaka 1939 Ernest Vincent Wright alichapisha Marekani riwaya ya Gadsby, maneno yapatayo 50,000 bila e, na alieleza kwamba aliifunga ile herufi kwenye taipureta yake isije ikaponyoka. Mbali zaidi, katika karne ya 2 ya hijria, mwanazuoni Wasil ibn Ata wa Basra hakuweza kutamka herufi ya Kiarabu ra vizuri. Alijizoesha kuikwepa kabisa, na khutba yake isiyo na ra mbele ya gavana wa Iraq imehifadhiwa hadi leo. Kwa hiyo kuacha herufi kusudi hakukuanzia katika mikahawa ya Paris. Nasi wenyewe si wageni wa masharti: anayetunga tarbia amekubali mishororo 4 kwa kila ubeti, mizani 16 kwa kila mshororo, na vina vya kati na vya mwisho. Tofauti ni kwamba vina vinasikika, na herufi iliyoachwa haisikiki.

Sasa Kiswahili. Umechagua herufi inayostahili. Waliotafsiri riwaya ya Perec kwa Kihispania mwaka 1997 waliondoa a badala ya e, kwa sababu katika lugha yao a ndiyo iliyouma. Kwetu inauma zaidi. Chukua methali: "Haraka haraka haina baraka." Ina herufi 23, na 11 kati yake ni a. Ni mfano uliokithiri, lakini fungua gazeti lolote uhesabu mstari mmoja, utaona a imeziacha nyuma herufi nyingine zote. Kisha tazama methali ambayo kwa maana ni pacha wake: "Polepole ndio mwendo." Haina a hata moja. Maana ileile inaweza kusemwa bila herufi hii, ila lazima uingilie mlango mwingine.

Ugumu wenyewe hauko kwenye msamiati. Anayeanza hudhani kazi ni kutafuta visawe: ukikosa "chakula" useme "mlo", ukikosa "safari" useme "mwendo". Hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Kinachobana ni sarufi. Ukiondoa a, njeo za -na-, -ta- na -ka- zinaondoka nayo. Huna wakati uliopo wa kawaida, huna wakati ujao, na huna ile -ka- ya msimulizi, akaenda, akaona, akarudi, ambayo ndiyo miguu ya hadithi zetu. Zinabaki -li-, -me-, -ki-, -nge- na hu-. Hata hizo zinagonga ukuta wa pili, kwa sababu vitenzi vya asili ya Kibantu karibu vyote vinaishia na a. Nililala, nimeona, nikicheka, hulima, vyote vimekatazwa. Njeo zilizobaki zinakubali vitenzi vyenye mwisho mwingine tu, ambavyo vingi vimetoka Kiarabu: rudi, jibu, fikiri, subiri, ishi, dumu, shukuru, sihi, zidi, buni, na kwa bahati njema keti. Vitenzi vya Kibantu vinapita kwenye mianya mitatu: dhamira tegemezi (niende, tuone, ule), ukanushi wa wakati uliopo (sioni, siendi, hujui), na amri kwa watu wengi (semeni, tokeni, ingieni).

Halafu linakuja jambo ambalo ndilo kiini cha jibu hili. Viambishi vya nafsi ni ni-, u-, a-, tu-, m- na wa-. Ukiondoa a, unapoteza a- na wa-. Yaani mimi, wewe, sisi na ninyi tunabaki, ila yeye na wao hawawezi tena kutenda. "Alirudi" haipo. "Walijibu" haipo. Ukanushi wa ha- nao umekwenda, kwa hiyo anayeweza kukana jambo ni mimi (sijui, sikujibu) na wewe (hujui, hukujibu) tu. Mtu wa tatu hawezi hata kukataa.

Lakini hajafutika. Bado anaweza kuwepo mahali: yuko, yupo, yumo. Anaweza kuwa na mazoea: yule mzee huketi, huyu hufikiri. Na anaweza kutendewa: nilimjibu, nilimsihi, simwoni. Asichoweza ni kufanya tendo moja lililotokea mara moja, siku fulani, kwa hiari yake. Mwandishi hakuamua hivyo. Ni sarufi iliyoamua, na hadithi italazimika kuitii.

Kuna njia ya kupenyeza mtendaji wa tatu, nayo inapendeza. Viumbe wa ngano zetu hawalazimiki kuchukua a-. Methali inasema "zimwi likujualo halikuli likakwisha", ikitumia li-. Kwa hiyo zimwi lilirudi, joka lilisubiri, jitu lilijibu, na kitoto kiliketi, vyote vinaruhusiwa. Vitu pia: moto ulizidi, upepo ulirudi. Umeona dunia inavyojipanga? Mazimwi, watoto wadogo na pepo za usiku wanatenda, na watu wazima wanatazamwa tu. Mwandishi mwenye jicho hatapigana na hali hiyo. Ataichukua iwe hadithi yake.

Mazingira nayo yanajichagua. Mama, baba, kaka, dada na babu wote wamekwenda. Wanabaki bibi, ndugu, mume, mke, mjukuu na mwenzi. Hakuna siku hata moja ya wiki, kwa kuwa Juma imo ndani ya sita kati yake na Alhamisi haisaidii. Katika miezi unabaki na Mei na Juni. Saa huwezi kuitaja. Una mbili, nne, kumi, ishirini, sitini, tisini, elfu na milioni, ila "kumi na mbili" haiwezekani kwa sababu ya na. Mhusika anaweza kuishi Moshi, Lindi, Njombe, Kisumu, Kilifi, Voi au Meru, lakini si Mombasa, Unguja wala Dodoma. Mgeni anaweza kupiga hodi, na mwenyeji hana "karibu" ya kumjibu. Unaweza kusema "pole", huwezi kusema "samahani". "Hapo zamani za kale" imezuiwa, "Paukwa" imezuiwa, na neno "hadithi" lenyewe limezuiwa. Unaloandika liite utungo.

Hiki hapa kipande cha maneno 40, kimetungwa kwa ajili ya jibu hili. Kisome mara moja kama hadithi kabla ya kukikagua:

Usiku ule nilirudi kijijini kwetu mikono mitupu. Bibi yumo jikoni; huketi humo jioni zote, moto mbele, kitoto mgongoni.
— Simwoni nduguyo.
— Nilimsihi, bibi. Nilimsihi turudi sote. Hujui yeye ni mbishi?
— Keti, ule.
Niliketi. Sikujibu. Kikombe kipo, kiti kipo. Mwenye kiti simwoni.

Angalia bibi kwanza. Hakuna kitenzi hata kimoja kinachomwonyesha akifanya kitu usiku ule. "Alikuwa jikoni" haikuwezekana, kwa hiyo ikawa "yumo jikoni", na matokeo yake ni kwamba bibi yumo humo hata sasa tunaposoma, kama asiyetoka. "Akasema" haikuwezekana, kwa hiyo maneno yake yanaingia bila kutambulishwa, na msomaji analazimika kusikiliza sauti ili ajue nani anasema. Ndugu naye anatajwa kama mtu aliyesihiwa na asiyeonekana. Yeye mwenyewe hatendi lolote. Tungekuwa na a, sentensi ya kwanza kumjia mwandishi ingekuwa "alikataa kurudi", na fumbo lingeishia hapo. Kwa kuwa "alikataa" haipo, hatujui alichofanya. Tunajua tu kwamba mwenzake amerudi peke yake na hataki kujibu. Kile kinachomtia msomaji wasiwasi katika kipande hiki kimetoka moja kwa moja kwenye kanuni ya mchezo.

Kuhusu irabu nyingine nitasema kwa ufupi. Viambishi vya nafsi, na hata vya ngeli, vinabebwa na a, i na u. Irabu e na o hazimo. Ndiyo maana kuandika bila e au bila o ni rahisi kiasi cha kupoteza ladha. Ukiacha e unapoteza -me-, dhamira tegemezi, yake na wetu, lakini "Mama alifungua dirisha, akaona mvua ikija" inapita bila jasho, na hakuna atakayeshtuka. Ukiacha u, wewe na sisi mnaondoka kwenye kiti cha mtenda, pamoja na kitenzi-jina chote cha ku-. Ukiacha i, anayeanguka ni mimi: ni-, si- na mimi yenyewe havipo. Ninayesimulia nabaki na "naona, nakumbuka, nasema" na kumiliki kwa "yangu". Maswali pia yanakauka, kwa maana nini, nani, lini, wapi, gani, ngapi na vipi vyote vina i, na unabaki na mbona na je. Kwa hiyo kabla ya kuchagua herufi ya kuacha, jiulize ni nani unataka asitende katika hadithi yako. Swali hilo litakusaidia kuliko kuhesabu wingi wa herufi.

Ukitaka kujaribu, usianze na ukurasa. Anza na maneno 60 hadi 100. Kabla ya kuandika sentensi yoyote, jaza karatasi moja vitenzi: safu ya kushoto visivyoishia na a, safu ya kulia vya Kibantu katika umbo la si- na umbo la -e. Ukipata 30 kila upande unaweza kuanza. Amua msimulizi, naye awe mimi au sisi. Amua mahali na majira kutokana na kilichobaki. Andika haraka rasimu ya kwanza hata ikiwa na a tano au sita zilizopenya, kisha zifanyie kazi moja moja. Ukikwama kwenye neno, mara nyingi dawa si kisawe, ni kuibadilisha sentensi nzima: badala ya kumtafutia "aliondoka" kisawe, sema "simwoni". Mwisho, tumia kitafutio cha simu au kompyuta, andika a, na uone kama kuna iliyobaki. Kama umeandika kwa mkono, soma kutoka neno la mwisho kurudi la kwanza, kwa sababu ukisoma kwa mtiririko macho huruka, na neno "na" hupita usilione. Kagua na kichwa cha utungo pia. Wengi husahau hapo.

Makosa yanayojirudia ni machache. La kwanza ni kurundika vitenzi vya Kiarabu hadi utungo unasikika kama mahubiri: nilifikiri, nilitubu, nilishukuru, nilisujudu. Chovya humo "sioni", "tuone", "silii", "njooni", na Kiswahili cha nyumbani kitarudi. La pili ni lugha ya telegramu. Kwa kuwa "na", "kwa", "lakini", "kisha" na "kabla" hazipo, sentensi hukatika vipande vifupi vifupi. Tumia -po- na -ki- kuziunganisha, "niliporudi", "moto ukizidi", na viungio vilivyobaki kama kumbe, ndipo, pengine na vilevile. La tatu ni kutafuta umilikaji. Wangu, wako, wake na wao wamekwenda, na cha, ya, la za kuunganisha nazo zimekwenda. Una -etu, -enu na -enye. Waandishi wengi hujipinda hapo hadi maana inavunjika, wakati "kijijini kwetu" au "mwenye kiti" ingetosha. La nne ni kudanganya kwa kukata maneno au kuandika kwa tahajia ya kubuni. Usifanye hivyo. Msomaji akigundua herufi moja imefichwa kwa ujanja, hataamini nyingine zote.

Nirudi kwenye swali lako la faida, maana nalichukulia kwa uzito. Perec alizaliwa Paris mwaka 1936 katika familia ya Wayahudi wahamiaji kutoka Poland. Baba yake alikufa vitani mwaka 1940. Mama yake alipelekwa Auschwitz mwaka 1943 na hakurudi. Mtu huyu ndiye aliyeandika kurasa 300 ambamo baba, mama na jina lake mwenyewe haviwezi kuandikwa, na watu wanatoweka bila yeyote kuweza kusema ni nini kimetoweka. Hakuandika maombolezo ndani ya riwaya hiyo, na ina vichekesho vingi sana. Lakini msomaji anayejua habari hizi haoni tena mchezo mtupu. Mtafsiri wa Kiswahili atakayeamua kuacha a atakuta mama na baba wameondoka kwenye kamusi yake siku ya kwanza, bila kulazimisha chochote. Kwa upande huu lugha yetu iko tayari kwa kitabu hicho kuliko nyingi.

Kwa hiyo faida ya msomaji ni kuona hadithi ikiumbwa na kitu ambacho kwa kawaida hakionekani. Unaposoma riwaya ya kawaida hujui kwa nini mhusika amekaa kimya. Unaposoma utungo wenye sharti, unaweza kuufuata ukimya huo hadi kwenye herufi iliyousababisha, kisha ukapima kama mwandishi aliufanyia kazi au aliuvumilia tu. Ni usomaji wa kipelelezi, na anayeuzoea huanza kuuliza maswali hayo hayo hata kwenye vitabu visivyo na sharti lolote: nani anapewa vitenzi humu, na nani anatajwa tu?

Soma mara mbili. Mara ya kwanza kwa sauti, bila kufikiria herufi, na kama utungo hausimami kama hadithi katika usomaji huo, sharti haliwezi kuuokoa. Mara ya pili chukua kalamu, pigia mstari kila kitenzi, na uandike pembeni mtenda wake. Kama ni utungo wako, mpe mtu mwingine bila kumwambia kuna sharti. Perec alipata mhakiki aliyeiandikia riwaya yake bila kugundua kinachokosekana, kwa hiyo usishangae rafiki yako naye asipogundua. Wala usimuulize ni herufi gani haipo. Kwa kipande kilicho hapo juu, muulize bibi alifanya nini usiku ule, na yule ndugu alikataa au alizuiwa. Akianza kubishana nawe kuhusu ndugu, utungo umefanya kazi, na hapo unaweza kumwonyesha herufi.